Siku Punda wa Baba Alipoongoza Darasa la Sita

Sisi tuliosoma Karatu enzi za chakamchaka na shamba la shule hatukujua kwamba kutembea ni burudani. Tulitembea kwenda shule, mtoni, mashineni na kanisani, na ukitumwa chumvi ukarudi na sukari, ulitembea tena. Kwa hiyo mwalimu wetu wa jiografia, kijana mgeni aliyevaa soksi ndefu hadi magotini, alipotangaza kwamba darasa la sita litafanya matembezi ya mafunzo hadi kwenye mapango ya tembo, pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, tulidhani ni adhabu. Tukaanza kutazamana tujue nani amekosa.

Kwenye mkutano wa wazazi likaja swali la nani atabeba sufuria, mahindi na maharage ya makande. Kabla Baba hajafungua mdomo, Mama alisimama akasema, "Punda wetu yupo." Baba akakohoa.

"Yule ana kichwa kigumu," alisema.

"Mbona wewe na yeye mnaelewana?" Mama akamjibu, na mkutano mzima ukacheka.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na sauti nzito. Kila Jumamosi alimpakia punda wetu, Sajini, gunia la mahindi kwenda mashineni, akarudi jua limeshazama. Alisema foleni ilikuwa ndefu. Mama alimhurumia sana, akawa anambandikia maji ya moto ya kukanda miguu.

Tuliondoka asubuhi ya ukungu na baridi ya kung'ata masikio, wachache na katambuga zao za matairi, wengi pekupeku. Kwenye njia panda ya kwanza Mwalimu alifuata ramani kushoto, Sajini akakata kulia. Tulimsukuma, tukamvuta, tukambembeleza kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Mwenzetu mmoja wa Kimasai akampigia mluzi wa ng'ombe. Wapi! Na kwa kuwa makande yalikuwa mgongoni mwake, darasa zima lilimfuata punda. Mwishowe Mwalimu naye akakunja ramani.

Sajini alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya nyumba moja, akasimama, akalia kwa nguvu. Akatoka mama mmoja mnene, kata mkononi, na nyuma yake harufu ya pombe ya mtama.

"Saita, Sajini!" akamsalimu kwa Kiiraqw. "Leo mapema hivi? Mzee yuko wapi?" Kisha akatuona sisi. "Yesu wangu! Leo kaja na ukoo mzima!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba yangu, mshika kikapu cha sadaka! Darasa zima likageuka kunitazama. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, nami sikuwa na viatu.

Ingekuwa ni nyumba hiyo tu, ningepumua. Lakini Sajini alisimama nyumba ya pili, na ya tatu, na kila alikosimama alifahamika kwa jina na Baba aliulizwa hali. Sisi tulipewa viazi vitamu na maziwa mgando. Mwalimu alipewa kitu alichokiita uji. Baada ya uji wa tatu soksi zake zilikuwa zimeshuka vifundoni, na hakuuliza tena kuhusu ramani.

Mapangoni tulifika alasiri, askari wa msitu amechoka kutusubiri. Akatuonyesha kuta za udongo mwekundu zilizochimbwa kwa pembe, halafu mavi ya tembo yanayofuka mvuke. "Hawako mbali," alisema kwa upole. Somo likaishia hapo. Sajini ndiye aliyetangulia kukimbia, sufuria zikigongana mgongoni, na makande tulikuja kuyapika kando ya barabara.

Njia nzima ya kurudi niliwasihi wenzangu wasiseme kitu, maana niliogopa amani ya nyumba yetu itakwisha. Wakaapa wote. Kiapo cha darasa la sita ni maji kwenye pakacha. Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa na habari zote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jumamosi ijayo mashineni nakwenda mwenyewe." Usiku huo Baba aliomba sala ndefu kuliko ya Krismasi.

Jumamosi ikafika, Mama akajifunga khanga kibwebwe akaondoka na Sajini. Baba alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Jua likazama. Ndipo tukasikia kwa mbali wimbo wa kanisani, sauti ikipanda mahali pa kushuka. Alikuwa Mama, amemkumbatia punda shingoni, na mahindi hayajasagwa.

"Foleni ilikuwa ndefu kweli," alisema.

Baba akainuka, akaenda kubandika maji ya miguu. Tangu siku hiyo walikuwa wanakwenda wote wawili. Na Baba alipofariki, wale akina mama wa zile nyumba tatu walikuja kwa miguu, wakalia kwa uchungu, na Mama akawakalisha viti vya mbele, karibu na mchungaji.

Juzi wajukuu zangu walipelekwa na shule yao Ngorongoro. Basi la viti laini, chipsi ndani ya maboksi, simu mkononi. Wakarudi wananionyesha simba, faru na nyuso zao wenyewe. Nikawauliza, enhe, njiani mlisalimiana na nani? Wakanitazama kama nimeuliza swali la hesabu.

"Basi halikusimama, Bibi."