Vidonge vya Kugawana

Nilikuwa na shahada moja tayari nilipoanza kusomea ufamasia. Mwaka wa tatu nilipelekwa mazoezini kwenye duka la dawa huko Phillips, mtaa wenye wahamiaji wengi. Siku moja mama Mkongomani alirudi mapema. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimekwisha.

“Niligawana na dada wa kanisani. Naye ana presha.”

“Mama, dawa yako inaweza kumdhuru,” nikasema.

Akacheka. “Mtoto yangu, mimi nikule, jirani alale njaa?”

Nikamwomba ampigie dada huyo papo hapo kwa simu ya duka. Simu iliita, ikaita, nami nikizungukazunguka nyuma ya kaunta. Hatimaye dada akapokea, akilalamika kuwa ana kizunguzungu. Nikaichukua simu.

“Keti chini, dada,” nikamwambia, “usimeze kidonge kingine.”

Yule mama Mkongomani alikuwa ameshafika mlangoni mwa duka, funguo za gari mkononi, tayari kumwendea.