Bei ya Makaa ya Kina Elsa

Jirani yangu Nsimire aliniambia tukiwa bombani, ndoo zetu zimepangwa foleni na maji yanatoka kidogo kidogo.

"We mama Ilias, huyo mwalimu munaishi naye lupango moja, unamujua vizuri?"

"Namujua. Anafundisha ekonomi kule shule ya lise."

"Ekonomi gani! Anauza watu. Anauliza watoto kwao wananunua nini, wananunua wapi, kisha anapeleka kwa wanajeshi. Baba yake Elsa si wamemuchukua hivyo hivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Ah, kwani Buyenzi kuna siri? Hata mbuzi wanajua."

Nilijitwika ndoo, nikamkaza mtoto mgongoni, nikarudi nyumbani. Nilichokuwa nakijua mimi hakikuwa cha kusemea bombani.

Mwalimu Herménégilde alihamia chumba cha mwisho cha lupango letu, uani, baada ya nyumba yake kuchomwa vitani kule mtaa wa Kamenge. Mkewe na watoto walikimbilia Uvira na hakuwa amepata habari zao tena. Sisi Waislamu wa mtaa wa Buyenzi hatukumwuliza kabila lake. Mwaka ule wa vita vya makabila, kutouliza ndiyo ilikuwa adabu.

Kitabu chake cha ekonomi kilitoka Ubelgiji, kimejaa mifano ya ngano na treni. "Watoto hawajaona treni," alikuwa anasema, "lakini njaa wanaijua." Basi asubuhi anasikiliza habari redioni, na habari hiyo hiyo anaipeleka darasani. Redio ikisema nchi jirani zimefunga mipaka, yeye anaandika ubaoni: sukari. Kwa nini imeadimika, kwa nini imepanda, nani analia na nani anacheka. Jioni ananisimulia somo zima huku mimi napika, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Mume wangu Khaled alikuwa amekwama Kigoma na meli yake tangu mipaka ifungwe. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kusikiliza hakutaki diploma.

Siku moja aliniuliza, "Mama Ilias, chumvi ikipanda bei sana, utaacha kununua?"

"Apana, mwalimu. Nitaacha sabuni. Tutanuka wote, lakini mboga itakuwa na chumvi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake alilifundisha jibu langu darasani, na tangu siku hiyo wanafunzi wake wakinikuta njiani wananiita madamu Sabuni.

Elsa ndiye aliyelipenda somo kuliko wote. Jumamosi alikuja uani kuuliza maswali, msichana mrefu, anacheka huku amejiziba mdomo. Baba yake, Télesphore, alikuwa anauza makaa.

Kisha redio ikasema barabara ya Bugarama, ile inayoleta makaa mjini, imefungwa, malori yamechomwa. Mwalimu akawaambia wanafunzi: kila mtu aulize kwao bei ya gunia la makaa. Kesho yake kila kitongoji makaa yalikuwa yamepanda, isipokuwa kwa kina Elsa. Jioni ile mwalimu aliniambia akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto.

"Nimewaambia hivi: barabara imefungwa na bei haijapanda, basi kuna njia nyingine. Elsa ataitafuta."

Mwiko ulinisimama mkononi. Nilitaka kusema, mwalimu, njia kama hiyo haitafutwi. Lakini nani mimi wa kumwambia mwalimu? Nikageuza ugali.

Elsa aliitafuta kweli. Alisimama mbele ya wenzake akaeleza vizuri, kama alivyofundishwa: baba yake anapitia milimani, kuna watu wa porini, wale waasi, anawalipa, ndio wanaomwachia makaa yapite. Mwalimu akampa pointi zote. Darasani walikuwemo watoto wa wafanyabiashara, watoto wa wakimbizi, na watoto wa wanajeshi. Nao jioni walisimulia makwao, kama yeye alivyonisimulia mimi.

Wiki haikuisha, gari la wanajeshi likaja mchana kumchukua Télesphore. Watu waliiokota maiti yake kando ya mto Ntahangwa.

Mwalimu alienda matangani. Alirudi haraka mno, akakaa kwenye kizingiti chake, viatu mkononi. Nilimpelekea chai, ikapoa pale pale. Darasani akarudia kile kitabu cha Ubelgiji, ngano na treni. Jioni akawa hasimulii kitu.

Siku ile, baada ya maneno ya Nsimire, nilimkuta mwalimu amesimama mlangoni kwangu. Nyuma yake yuko Elsa, amevaa yunifomu ya shule, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna kitu. Hakunitazama. Ilias alimnyooshea mkono kutoka mgongoni kwangu, naye hakuuona.

"Mama yake amemufukuza," mwalimu alisema polepole. "Amemwambia mbele ya watu wa matanga: ulimi wako ndio umemuzika baba yako. Tangu jana analala nyuma ya lise."

"Maskini mutoto."

"Si yeye, mama Ilias. Swali lilikuwa langu. Nimeenda kumwambia mama yake, Consolate, hivyo, amenifungia mulango."

Nyuma ya ukuta nilisikia ndoo ya Nsimire ikitua chini, kisha kimya cha mtu anayesikiliza. Mwalimu naye alisikia. Alishusha sauti hadi ikabaki pumzi.

"Wanasema mutoto anajua majina ya wale watu wa porini. Hajui hata moja. Lakini wanajeshi watakuja kumuuliza, na kuuliza kwao umekuona. Mi ni mwanaume peke yangu, siwezi kumulaza kwangu. Nakuomba wewe. Alale na wewe na Ilias, mpaka moyo wa mama yake upoe. Mufunge mutandio kama wako. Wakija, sema ni mudogo wako."