Mbuzi Aliyeingia Katika Bursi ya Rajabu

Habari hii imeshasimuliwa Rumonge nzima, na kila anayeisimulia anamwongezea yule mbuzi ukubwa, sasa amekaribia kuwa ng'ombe, basi bora niiseme mwenyewe niliyefedheheka, nimpunguze kidogo. Kusoma kwangu kuliishia mwaka wa tatu, kwa hiyo nikikosea mnisamehe, lakini uongo hapa sitauweka, wote niliumaliza kwenye daftari lile.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mdogo wangu Rajabu (mama mmoja, baba mmoja, mgongo uliombeba ni huu wangu) alikuwa amemaliza masomo ya juu Bujumbura, wa kwanza katika mtaa wetu, akataka kwenda Ulaya kuongeza tena, kusomea lugha na mila za Waafrika. Nilimwuliza kwa nini mila zetu zisomewe kwenye baridi, akasema huko ndiko viliko vitabu, na mimi sikuridhika. Sasa ili apewe bursi, yaani Wazungu wamlipie safari na chakula na shule, ilimpasa aandike kazi juu ya mila moja ya kwao ambayo bado haijaandikwa na mtu, na Rajabu, katika mila zote tulizo nazo, akachagua unyago.

Mnajua wenyewe unyago wetu. Yale anayofundwa mwari na kungwi wake kabla ya kuolewa hayafiki sikio la mwanamume, na mwanamke aliyefundwa hayatoi mdomoni, na ndiyo maana hayajaandikwa, hata mtoto anayenyonya angeweza kumwambia. Lakini Rajabu akaniletea barua kwa mkono wa dereva wa kamyo ya mawese, maswali kumi na mawili yamepangwa vizuri, na chini yake: "Dada, tegemeo langu ni wewe. Kamyo inarudi kesho asubuhi."

Ningeandika kwamba hilo siwezi kukuambia, mambo yangeishia hapo. Lakini mtoto yule sikuwahi kumnyima kitu, hata ziwa la mama nilimwachia kabla sijashiba (ndivyo mama anavyosema), nikaona kumnyima ni ubaya, na kusema ni ubaya zaidi, nikakaa uani na kalamu yangu, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wameanikwa huku na huku, siandiki kitu. Nikainua macho. Mbuzi wetu alikuwa amesimama karibu na kigingi ananitazama, na sijui nieleze vipi, akaingia kwenye daftari.

Niliandika kwamba mwari huogeshwa kwa maji yaliyooshea ndagala, ili mume asije akadharau harufu ya kazi. Kwamba huzungushwa nyumba mara tatu akienda kinyumenyume, kichwani ana beseni la ngazi, yaani chikichi za mawese, na ngazi ikianguka anaanza upya. Kwamba mwisho wa yote hupelekwa mbele ya mbuzi jike aliyefungwa kitambaa kichwani, akapiga magoti na kumwamkia kama mama mkwe, na mbuzi asipoitikia, mwari anarudia mpaka aitikiwe. Nakiri kwamba nilianza kwa aibu nikamaliza kwa raha. Kurasa thelathini. Nani angenipinga, wanaume hawajui na wanawake hawatasema, nikajiona nimeokoa siri na ndugu kwa kalamu moja, kamyo ikaondoka na daftari.

Kumbe profesa wa kuamua mambo ya bursi alikuwa mwanamke.

Baada ya miezi mitatu Rajabu akashuka Rumonge na Mzungu mmoja mrefu, mpole, ndiye huyo profesa, tukimwita Madamu, anasema Kiswahili cha kwenye kitabu kilichonyooka kuliko changu. Kazi ya Rajabu ilimpendeza kuliko kazi za wenzake wote, akasema hajawahi kusoma jambo kama lile (hilo nilimwamini), kilichobaki ni kuwauliza wanawake wenyewe, kisha atasaini. Siku hiyohiyo wanawake wa mtaa wakaitwa uani kwangu kunywa chai. Rajabu, kwa kuwa ni mwanamume, akaambiwa akae nje ya ua wa matete, akakaa, akitoa kichwa juu kila mara na kunitolea meno kwa furaha, na mimi nilikuwa namimina chai kwenye sahani badala ya kikombe.

Madamu akafungua karatasi akasoma. Kwenye ndagala wanawake wakatazamana. Kwenye beseni mtu mmoja chai ilimtokea puani. Alipofika kwa mbuzi, wanawake wakawa wanaficha nyuso kwenye kanga, mabega yanacheza, Madamu akadhani wanaona haya kwa siri yao kutajwa, akawaomba msamaha.

Asiyecheka alikuwa Mama Sitina peke yake. Huyu ndiye kungwi wetu, ndiye aliyenifunda mimi mwenyewe, muuza mawese mwenye ulimi ambao hata madereva wa kamyo wanaupisha. Akauliza taratibu ni nani aliyemweleza kijana. Madamu akasema ni dada yake. Mama Sitina akanigeukia, akanitazama kuanzia miguuni.

"Amesema kweli," akasema. "Lakini Madamu, mambo haya hayasomwi, yanafanywa. Na mwari tuko naye. Huyu tulimufunda mbiombio, kuna vitu vilibaki."

Mimi wakati ule nina watoto watatu. Nikataka kusema neno, nikaona kichwa cha Rajabu kinazama haraka nyuma ya matete, kijana wa watu anatii mila, nikaweka birika chini nikasimama. Kwa haki ya Mama Sitina, alikuwa ananipa adhabu na papo hapo anafunga mlango wa siri, mambo mawili kwa mkono mmoja, na mimi mahali pake sijui kama ningekuwa na huruma zaidi.

Maji ya ndagala yalikuwepo, nyumba yangu haikosi hayo. Waliyamwaga yote. Beseni likaletwa, nikazunguka kinyumenyume, ngazi zikaanguka nyuma ya jiko, nikaanza upya, zikaanguka tena, na hao ninaowaita majirani walikuwa wanaimba wimbo walioutunga palepale, ukinitaja kwa jina na kwa jina la baba. Madamu anaandika mpaka jasho linamtoka. Kisha mbuzi akafungwa kilemba changu cha sikukuu, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama mkwe."

Mbuzi akatafuna. Mbuzi huyu, ambaye alfajiri huwaamsha watu mpaka wa barabarani, siku ile alikuwa bubu. Nikarudia. Mama Sitina akasema sauti haitoshi, mama mkwe ni mtu mzima. Nikarudia mara ya tano, ya sita, maji ya samaki yananichuruzika masikioni, mara ya nane nikapaza sauti kweli, kwa hasira na machozi, shikamoo mama mkwe, na nyuma yangu nikasikia:

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi niko huku."

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa ua na kikapu cha maharage kichwani, ametoka Bugarama tangu asubuhi kuja kuona wajukuu, na Rajabu, ambaye hangeweza kumzuia mwanamke kuingia, alikuwa amemfungulia kwa heshima zote. Akamtazama mbuzi, akatazama kilemba, akanitazama mimi. Akawasalimu watu wote kwa amahoro, hata Madamu, akatua kikapu na kukaa, bila kuuliza kitu, na huko kutouliza kuliniumiza kuliko maji.

Sasa hapo ningeweza kuvumilia, maana yaliyokuwa ya kunipata yalikuwa yameshanipata. Lakini Madamu akatoa karatasi ya bursi kwenye mkoba, akafungua kalamu, akasema yeye mwenyewe atasimama na Rajabu mbele ya maprofesa wenzake aitetee kazi hii. Nikamwona mdogo wangu amevaa koti huko kwenye baridi, mbele ya watu wenye akili, anatetea mbuzi. Nikinyamaza anapata bursi. Sijui mpaka leo kama nilitenda mema, najua tu kwamba mdomo ulifunguka wenyewe.

"Madamu, usisaini," nikasema. "Huyo mbuzi nimemtunga mimi. Na maji, na beseni. Rajabu hajui."

Madamu akafunga kalamu polepole. Akauliza, sasa ya kweli ni yapi? Wanawake wote wakatazama vikombe.

"Ya kweli," akasema Mama Sitina, "ni kwamba chai yako inapoa."

Madamu akainywa chai yake yote, akashukuru kwa murakoze, akarudisha karatasi kwenye mkoba. Nje ya matete Rajabu alikuwa amesikia kila neno. Nilipomtokea na nguo zangu zinazonuka, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hakunitukana. Alisema tu, "Dada. Kurasa thelathini?"

Bursi ya mwaka ule alipewa kijana mwingine. Rajabu akafundisha shule Gatete mwaka mzima, akipita na baiskeli mbele ya nyumba yangu na kunisalimia kwa kichwa, na kila akipita nilikuwa natamani ndagala wote warudi ziwani na mimi niende nao. Mama mkwe yeye alinisamehe kwa namna yake, mpaka leo akituma habari kwamba anakuja husema, mwambieni ni yule wa miguu miwili.

Katika mwaka huo Rajabu akaandika kazi nyingine, juu ya wavuvi wa ndagala, namna wanavyogawana samaki na maneno wanayoambiana wakivuta nyavu, mambo ambayo wanaume ukiwauliza wanakuambia, na usipowauliza wanakuambia pia. Akaenda nayo mwenyewe mitumbwini, hakunituma. Madamu akasaini. Siku ya kuondoka alinikumbatia.

Basi juzi nimepata barua yake kutoka huko. Anauliza hali ya watoto, anaeleza baridi, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, anauliza kama ningeweza kumweleza kidogo tu yale wanayofanya wanawake wa kwetu chumbani mwa bibi harusi, siku saba zile za fungate. Nilikaa na kalamu siku mbili. Mara hii niliingia ndani nikafunga na dirisha, nisije nikaona kitu uani. Nikamwandikia: "Mdogo wangu, hilo ninalijua na sitakuambia. Sisi ni wazima. Mwandikie mama, anakuulizia."

Nimeibandika stempu, nikaipeleka posta mwenyewe kwa miguu yangu.