Mke wangu anataka nile chipsi mbele ya wateja

Admin, nifichie jina vizuri, maana nusu ya wateja wa mke wangu wanashinda humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, fundi seremala, mzaliwa wa Ilula ila naishi Iyunga, hapa Mbeya. Nina mke na binti mmoja wa darasa la tatu. Nimechoka ndugu zangu, na tunachogombania ni chakula tu.

Mke wangu anauza chipsi kando ya barabara kuu. Biashara ameianzisha mwenyewe na imetusaidia, siwezi kukana. Lakini tangu aianze, nyumbani jiko likapoa kabisa. Jioni nafunga karakana, napita kibandani, nakaa benchi la mbele, nakula chipsi mayai na mishikaki, nashushia soda. Binti naye hivyo hivyo. Sufuria ya ugali ikabaki ya kuchemshia maji ya kuoga. Wateja wakiniona pale na kitambi changu walikuwa wanasema, "Kama mwenye mke anakula, basi ni salama." Ndivyo watu wa huku walivyo, mama ntilie ambaye wa kwake hawali chakula chake hawamwamini.

Mwaka huu nikaanza kupata kizunguzungu nikiwa napiga randa. Hospitali wakanipima, presha juu, sukari inanyemelea. Daktari, binti mdogo tu, akaniambia, "Baba, rudi kwenye chakula cha nyumbani. Chipsi achana nazo." Niliogopa kwelikweli. Baba yangu aliondoka na presha hiyo hiyo.

Basi nikaingia jikoni. Mwanaume mzima nampigia simu mama yangu kule Ilula namuuliza majani ya maboga yanamenywaje zile nyuzi! Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hayo nilikulisha mpaka ukaota ndevu, leo unaniuliza?" Ugali wa dona wa kwanza ulikuwa uji, tuliunywa. Lakini nikajifunza. Mboga ya mnafu, maharage, viazi vitamu vya kuchemsha. Kizunguzungu kikaisha, suruali zikaanza kunivuka, na binti akawa ananiuliza leo tunapika nini.

Kilichoniponza ni mdomo. Bodaboda mmoja aliniuliza pale kibandani, "Mzee, mbona siku hizi huli?" Nami kwa kujisifu nikajibu, "Daktari kanikataza hizi takataka." Mbele ya watu wamejaa! Mke wangu alikuwa pale pale, anageuza chipsi kwenye mafuta.

Maneno yakasambaa Iyunga nzima. "Hata mumewe hazili." Watu wakawa wanavuka barabara kwenda kwa jirani yake, naye muuza chipsi. Niliomba msamaha mpaka nikachoka. Akaniambia, "Baba watoto, majani yako pika, sikukatazi. Ila kila jioni njoo ukae kwenye benchi lako, ule sahani moja watu wakuone." Nikamjibu kwamba presha haitajua kuwa naigiza. Akaanza kulia. "Na huo unga wako wa dona unanunuliwa na nini, kama si hizo takataka?" Hata hivyo kukaa nikakataa.

Wiki iliyopita nilifunga karakana mapema, nikawa narudi na fungu langu la mnafu mkononi. Kwa mbali nikaona kibandani watu wamejaa tena. Nikafurahi, nikasogea nimpongeze. Kwenye benchi langu amekaa binti yetu, na sare za shule, sahani ya chipsi mayai mapajani, mdomo unang'aa mafuta. Mama yake anawaambia wateja, "Si mnaona? Mwanangu wa kumzaa anakula." Mtoto akaniona, akafurahi. "Baba, mama amesema nikimaliza hii ananiongeza!"

Nimegomba, nimebembeleza, mke wangu hasikii. Anasema mmoja wetu lazima akae pale, nichague mwenyewe.

Jana nimekaa mimi. Binti nilimtangulizia mnafu na ugali nyumbani, nikamwambia akale ashibe. Nimemaliza sahani nzima watu wananitazama, mke wangu anatabasamu. Asubuhi hii nimeshika randa, kizunguzungu kimerudi.

Jioni benchi linanisubiri, nisipolikalia atalikalia mtoto. Wenye ndoa zenu na akili zenu, nisaidieni mawazo, mwenzenu nifanyeje?