Fyuzi ya redio

Leo tumejua nani anayeua betri ya gari la marehemu baba.

Ni baba mwenyewe.

Kila tukiichaji, asubuhi imekufa. Fundi wetu hapa Mahabibo, Zanzibar, akazima gari, akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Alipochomoa ya redio, umeme ukaacha kuvuja.

Akairudisha, akaongeza sauti.

Sura ya Yasini.

Baba hakuwa mtu wa kukata Kurani katikati. Kumbe aliiunga redio moja kwa moja na betri, isizimike hata gari likizimwa. Akifika nyumbani anapunguza sauti tu, kaseti imalizie.

Fundi akauliza, "Niizime?"

Mama, ambaye bado yumo edani, akajibu kwa Kikomoro kutoka dirishani: mwacheni baba yenu amalize.

Tukasubiri. Kaseti ikafika mwisho, ikajigeuza yenyewe, ikaanza upya.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nyinyi mngeizima?