Siku Walipokuja Kutuona Tukila

Mwaka ule nilikuwa mtu wa kusumbua. Sikai, silali, nikipewa kiti nainuka, nikiinuka natafuta kiti. Hapa mjini Elisabethville walikuwa wamefungua masomo ya juu ya utawala: namna serikali inavyopanga kodi, shule, barabara, hospitali. Hadi wakati ule mambo hayo yalikuwa ya bazungu peke yao, na sasa ilisemekana watachukua na weusi wachache. Mimi nilikuwa karani, nimechoka kupiga mashine maamuzi ya watu wengine. Nilitaka na mimi nikae kwenye meza ambapo mambo yanaamuliwa.

Jioni, tukitoka kazini, rafiki yangu wa ofisini aliyekaa mtaa wa Katuba alipitia kwangu, mtaa wa Kenya, tukaanza kupima bahati zetu.

"Kifaransa yako inapita yangu," alisema.

"Lakini weye padri anakupenda."

"Na weye bazungu banapenda vile unanyamazaka."

"Toka hapa! Nani ananyamazaka?"

Alicheka, mimi sikucheka. Asubuhi niliamka nimekwisha kuchukuliwa, jioni nimekwisha kukataliwa, na katikati hakuna aliyeniambia neno. Bibi yangu, yaani mke wangu, alisema nitamaliza sakafu kwa kutembea.

Mtihani tuliupita sote wawili. Ilibaki ziara ya nyumbani. Watu wa serikali walikuja kuangalia kama mtu anaishi kistaarabu, kama walivyosema: nyumba imefagiwa, meza ina kitambaa, na kubwa kuliko yote, bwana na bibi wanakula meza moja, kwa uma na kisu. Wengi walianguka hapo, maana kwetu wanaume walikula kwao na wanawake jikoni. Sisi tulijizoeza. Bibi yangu, binti wa mfanyakazi wa mgodi, alishika uma vizuri kuliko mimi, akanicheka nikifukuza wali kwenye sahani. Nikajisemea: hapa kabisa nimepita.

Jumapili ya ziara yenyewe tunarudi kutoka misa, nani amesimama mlangoni? Baba yangu! Ametoka kaskazini kwa treni, hajatuma habari, kuku kwapani, mwilini koti lake kuukuu la kazi ya reli. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wake anaingia masomo ya wakubwa, akaja kunibariki. Mungu wangu! Nilimpenda baba, lakini saa ile ningeweza kumrudisha ndani ya treni kwa mikono yangu.

Maana kwetu mke hali mbele ya baba mkwe. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akitaka kumwambia jambo analipitisha kwa mume. Heshima hiyo tunaiita buko, na bibi yangu hakuwahi kuichezea. Aliposikia sauti ya baba tu, alikwisha kuzunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikamsihi, nikakaribia kugombana naye. Siku moja tu! Sahani moja tu!

"Siwezi," alisema. "Unaijua weye mwenyewe."

Baba alisikia yote. Hakukasirika. "Mi nitakula kule inje, ku jikoni," akasema. "Bale bantu banakuya juu yako na bibi yako. Habakuye juu yangu." Akajichukulia kigoda. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Wageni walikuwa wawili: bwana mmoja wa serikali na madame aliyefundisha wanawake kushona na kupika kizungu. Waliketi pembeni, tukala mbele yao. Bibi yangu alikata nyama taratibu, akafuta midomo, akajibu kwa Kifaransa alipoulizwa. Yule bwana alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha madame akaomba kuona jikoni. Alifungua mlango wa nyuma, na pale palikuwa baba, sahani ya bukari, ugali wetu, magotini.

"Ule nani?" aliuliza. "Boyi yenu?"

"Ah, wana boyi," yule bwana akasema kwa Kifaransa, na sauti yake ilikuwa nzuri. Karani mwenye mtumishi wa nyumbani! Hilo hata rafiki yangu hakuwa nalo.

Baba akasimama, akavua kofia. "Ndiyo, madame. Miye niko boyi ya hapa."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali. Nilikuwa ningali natafuta pa kuupeleka, bibi yangu alipoweka uma mezani. Alikwenda mpaka mlangoni, uso ameugeuzia ukutani asimtazame baba, akasema kwa Kiswahili, kwa nguvu:

"Madame, hapa haiko boyi. Ule ni baba ya bwana yangu. Anakula inje juu yangu, sababu siwezi kukula mbele yake."

"Kwa hiyo weye haukule na bwana yako?"

"Ninakula naye. Baba akiwa hapa, apana."

Akachukua sahani yake, akapita kando, akaenda kuketi nyuma ya ukuta wa jikoni. Nikatoka kumshika baba mkono, nikamkalisha kwenye kiti cha bibi yangu. Wageni waliaga bila kungoja kahawa.

Rafiki yangu alichukuliwa. Mimi sikuchukuliwa. Yule bwana wa serikali aliniambia ofisini, kwa upole wa kuudhi, kwamba mimi niko tayari, ila bibi yangu bado. Bado! Nilirudi Kenya kwa miguu, moyo unatokota, natafuta wa kumfokea. Baba alikuwa angali kwetu, kwenye baraza. Nilimwambia yote, na niliposema "bado" nilipiga ukuta ngumi.

Alinivuta niketi kando yake.

"Peleka maneno kwa bibi yako," akasema. "Mwambie: ku reli miaka yote baliniita boyi, na mama yako alisikia, na weye ulisikia, na hakuna muntu alisema apana. Ni hapa tu, mu nyumba yake."

Bibi yangu alikuwa nyuma ya ukuta uleule, alikokuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, na kinu kilikuwa kimenyamaza tangu baba alipoanza kusema. Alikwisha kusikia kila neno. Hata hivyo nilizunguka nyumba, nikasimama mbele yake, nikamwambia yote kama nilivyotumwa.