Kompyuta Iliyopumua Saa Kumi

Kaka yangu alikuwa fundi wa redio, baadaye televisheni, mwishowe kompyuta, na watu walimwita Polepole. Mteja mmoja aliwahi kusema kwamba ukimpelekea redio leo, taarifa ya habari ya leo utaisikia mwakani. Kaka alicheka kuliko wote. Lakini kitu alichokitengeneza yeye hakikurudishwa. Katika duka lao la chumba kimoja alikuwa na mwenzake, mtu mnene aliyeitwa Kelele, na kwa miaka kumi na tisa walikaa meza moja, mmoja akisema, mwingine akikaza skurubu.

Hakuoa. Aliishi na mama yetu. Mimi nilikuwa na familia yangu upande wa pili wa mji. Macho ya mama yalipofifia hata akashindwa kusoma Zaburi, kaka aliahidi kumuundia kompyuta ya nyumbani yenye kioo kikubwa na herufi za ukubwa wa kiganja. Wakati huo alikwisha kuanza kuumwa kifua. Dukani hakwenda tena; Kelele alimletea vifaa nyumbani, kimoja kimoja.

Kaka hakuingiza bodi ya kompyuta, lile bamba linalobeba vifaa vyake vyote, ndani ya kasha kabla ya kuijaribu kwanza juu ya boksi la karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake. Basi akaijaribu, ikawaka. Akaipanga iwe inajiwasha yenyewe kila umeme ukirudi, mama asihangaike kutafuta kitufe. Kisha akaifunga ndani ya kasha kwa skurubu tisa. Tangu hapo ikakataa.

Jumanne alinipigia simu.

"Mdogo wangu, njoo unifungulie skurubu."

"Kaka, fundi ni wewe au mimi?"

"Mikono imegoma. Inatetemeka kama ya mwizi aliyekamatwa."

Nilicheka. Nikamwambia nitakuja Jumamosi, nina nguo za kufua na watoto wana mitihani. Alhamisi alfajiri akafariki. Mungu amrehemu, na mimi pia anirehemu.

Mazishi yalipokwisha na wageni kutawanyika, nilibaki kwa mama. Mtaa ule umeme ulikatwa kila asubuhi na kurudi saa kumi alasiri. Siku ya kwanza nilikuwa chumbani kwa kaka nikikunja mashati yake. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, ubavu wazi, nyaya zimefungwa vizuri kama nywele zilizosukwa. Umeme ukarudi. Feni ya ndani ikazunguka, ikasimama. Ikazunguka tena, ikasimama. Nikafikiri imekwisha. Nilikuwa nimeshika shati la tatu ilipozunguka mara nyingine, taratibu, kama kitu kinachojikokota.

"Naam, mwanangu," alisema mama nyuma yangu.

Nikageuka kumwitikia. Hakuwa akisema na mimi.

"Ndivyo alivyokuwa akipumua siku zile za mwisho," akaniambia. "Pumzi mbili, anapotea, halafu ya tatu. Wewe hukuwapo. Mimi nilikuwapo."

"Mama, ni mashine tu."

"Mwanangu hajafika anakokwenda. Amekwama."

Kuanzia hapo, kila siku saa tisa na nusu alivuta kiti mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya kasha na kungoja. Kitandani kwake hakulala tena, alijiegesha palepale kitini. Chakula nilikikuta kimepoa. Mimi ni mtu wa sala, na najua marehemu wako mikononi mwa Mungu, si ndani ya feni. Nilinyunyiza maji ya baraka pembe zote za chumba, isipokuwa ile ya kompyuta, maana niliogopa kuiunguza. Hata hivyo ilipofika saa kumi nilijikuta nikihesabu. Pumzi mbili. Kimya. Ya tatu.

Siku moja nilichomoa waya mapema. Mama aliinama, akapapasa ukuta, akaupata waya na kuuchomeka mwenyewe, yeye anayepapasa hata sahani iliyo mbele yake.

"Ukimkatiza tena," alisema kwa upole, "nitajua ni nani aliyemkatiza."

Niliona nikikaa kimya nitazika wawili. Nikamwita Kelele.

Alikuja mchana na mfuko wake wa bisibisi. Mtu aliyezoea kusalimia mtaa mzima kutoka barabarani, mlangoni mwa chumba kile alinong'ona.

"Dada, nimekuja. Mama yuko wapi?"

"Sebuleni. Anangoja saa kumi."

Juu ya meza kulikuwa na daftari la kaka. Nilikuwa sijathubutu kulifungua. Kelele alilisoma akifuata mistari kwa kidole. Memori moja moja: hapana. Betri ndogo nimetoa, nimerudisha: hapana. Pawa nyingine: hapana. Mistari ya mwisho herufi zilikuwa zimepinda kama za mtoto. Nje iliwaka, ndani haiwaki. Kuna kitu nyuma ya bodi. Skurubu tisa. Nimwite mdogo wangu.

Kelele akafuta uso kwa mkono wa shati. "Alijua, huyu mzee wa konokono. Alikuwa amefika."

"Nipe bisibisi," nikasema.

"Dada, niachie mimi."

"Aliniita mimi."

Nikazifungua zote tisa. Kelele alishika kasha lisitikisike wala hakusema neno, jambo ambalo kaka asingeliamini. Tulipoinyanyua bodi, nyuma yake kulikuwa na msalaba mdogo wa shaba, umebanwa kati ya bodi na bati la kasha. Niliufahamu. Ulikuwa wa rozari ya mama iliyokatika mwaka jana.

"Shaba inagusana na miguu ya bodi," Kelele alisema. "Mashine inawaka, inahisi hatari, inajizima. Halafu inajaribu tena. Ndiyo hizo pumzi zenu." Akautazama mlango. "Tumwambie mama skurubu ililegea. Uongo mdogo, dada. Mungu ana kesi kubwa zaidi."

Tukarudisha bodi, tukakaza. Saa kumi umeme ukarudi. Feni ikazunguka, na haikusimama. Ilitoa sauti moja tu, laini, isiyokatika. Kioo kikawaka cheupe.

Mama aliingia akipapasa ukuta. Akasimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Nilitegemea atatabasamu.

"Mbona hapumui?" aliuliza.

"Mama, imepona," alisema Kelele. "Ilikuwa skurubu tu, imelegea."

"Baba, wewe hujui kudanganya. Ukidanganya unaongea polepole." Akanigeukia. "Mlikuta nini?"

Msalaba nilikuwa nao mfukoni. Ningeweza kuuacha humo. Lakini Jumanne ile nilikwisha kumfukuza mmoja kwa kicheko, na sikuweza kumfukuza wa pili kwa uongo. Niliuweka msalaba kwenye kiganja chake.

"Ulikuwa nyuma ya bodi, mama. Ndio uliozuia."

Aliupapasa kwa vidole, akaunusa. "Niliupenyeza alipokwenda kuoga, kabla hajakaza skurubu. Nilitaka umlinde." Akakaa kitini. Nilisubiri alie, hakulia. Akasema, kama mtu anayekokotoa hesabu: "Kumbe ni mimi niliyekuwa nikimpa pumzi."

"Mama..."

"Urudishe."

Kelele aliokota mfuko wake, akaniangalia, akatoka bila kuaga.

"Siwezi, mama. Aliiunda usome. Mwache aende."

"Urudishe, mwanangu. Kwa siku moja."

Nilipiga magoti kando ya kiti, nikafungua Zaburi kwenye kioo, herufi kubwa kama kaka alivyotaka. Mama alizisoma. Alisoma mstari mzima kwa macho yake mwenyewe, mara ya kwanza kwa miaka mitatu, msalaba ukiwa ndani ya ngumi. Kisha akasogeza sikio karibu na kasha. Feni ilizunguka bila kukatika.

Nikaomba kwa sauti, Bwana ampe kaka yangu pumziko la milele. Nikasema amina peke yangu.